Waliomfichia Mwalimu Wakhungu

Siku hizi nyumbani kwa Selpha, huko Kitengela, unaweza kusema lolote na hakuna wa kukusahihisha. Mtangazaji wa redio akivuruga ngeli, anaivuruga mpaka mwisho wa taarifa. Mhubiri akisema "vitu vyote ziko mikononi mwa Bwana," zinabaki huko huko mikononi mwa Bwana, hakuna anayeguna kitini. Selpha amejikuta mara kadhaa akikosea kwa makusudi, peke yake, mbele ya sinki. "Vikombe zimeisha," anasema kwa sauti. Kisha anafunga bomba la maji, anasikiliza. Jirani anapiga msumari ukutani. Mbuzi wa mtu analia nje ya geti. Basi.

Mumewe, Wakhungu, alikuwa na namna yake ya kusahihisha. Hakukukatiza wala hakukucheka. Aliirudia sentensi yako ikiwa imenyooshwa, polepole, kama mtu anayekunja shuka iliyotupwa kitandani, halafu akaendelea kunywa chai yake. Iwe Kiingereza, iwe Kiswahili, iwe hata Kibukusu cha watoto waliozaliwa mjini, alikunja tu. Binti yao Sheryl alipokuwa kidato cha pili alimwambia, "Baba, hata tukiungua moto utataka tupige nduru kwa sarufi." Wakhungu alicheka hadi akatoa miwani.

Alikuwa mhadhiri. Si profesa, ingawa wenye maduka walimwita Prof naye akachoka kuwakataza. Alitoka Kimilili akiwa kijana, akasoma, akafundisha hapa na pale, mwishowe akapata kazi katika tawi la chuo kimoja cha binafsi, kwenye jengo la ghorofa nyuma ya barabara ya Namanga, ambako juu walisoma wanafunzi na chini kuliuzwa vigae. Selpha naye alikuwa karani wa ofisi ya maji mjini Kajiado. Asubuhi yeye alielekea kusini, mumewe akatembea kwa miguu hadi chuoni na mkoba wake wa ngozi begani. Waliishi hivyo miaka mingi, wakipanga nyumba, wakihama hadi nyingine yenye chumba zaidi, huku nyasi zilizokuwa nyuma ya ploti zikigeuka mawe, mawe yakigeuka kuta.

Chuoni alijulikana kwa mhadhara mmoja. Kila mwaka, wanafunzi wapya walipoingia, aliandika ubaoni neno moja tu la Kiingereza, faculty, akaweka chaki chini na kujipangusa mikono. Neno hili, aliwaambia, limebebeshwa mizigo kama punda wa Bisil siku ya soko. Uwezo wa macho kuona linauita hivyo. Masikio kusikia, ulimi kusema, kichwa kukumbuka na kupima mambo, kila kimoja kinaitwa hivyo. Kipawa cha mtu wa kuchekesha wenzake nacho kinaitwa hivyo. Kisha ukivuka upande wa pili wa barabara, neno hilo hilo ni kitivo cha chuo, na ni walimu wote wa kitivo wakiwa wamekaa pamoja, akiwemo yule anayesinzia. "Sasa nipeni neno moja la Kiswahili libebe yote haya," aliwataka. Wakagombana. Uwezo. Akili. Kipawa. Jopo. Akazunguka katikati ya madawati akiwachochea, na saa ikaisha kabla hawajakubaliana. Ndivyo alivyotaka.

Mmoja wa waliogombana hivyo alikuwa msichana kutoka Kisaju, Naeku, binti wa mfugaji, aliyerudi baada ya shahada ya pili kufundisha katika idara ile ile. Alimpenda Wakhungu kama mzazi. Naye Naeku alimwita Selpha Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, akimletea maziwa ya kwao kwenye chupa ya soda.

Kilichoanza kupotea ni majina ya vitu. "Nipe ile ya kufungulia," Wakhungu alisema mlangoni, akizungusha vidole hewani.

"Funguo?"

"Funguo. Ndiyo."

Selpha hakulitilia maanani. Mtu mwenye maneno mengi kichwani, alidhani, lazima mengine yachelewe kutoka. Kisha ikaja Jumapili moja mumewe akatoka chumbani amevaa koti la kazi, mkoba begani.

"Baba Sheryl, unaenda wapi?"

"Kazini. Niko na darasa."

"Leo ni kanisa."

Alisimama sebuleni muda mrefu, kisha akasema, "Najua," akaketi, mkoba ukiwa bado begani. Walienda kanisani hivyo hivyo, na mkoba. Aliuweka miguuni wakati wote wa ibada.

Jioni ile, Selpha akipanga nguo, mumewe alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wake kabisa.

"Mama Sheryl, kuna kitu kinanipotea."

"Ni uchovu. Umri pia. Mimi juzi nimetafuta miwani na nimeivaa."

"Si uchovu." Alitazama mikono yake. "Lakini nakuomba jambo. Watu wa chuo wasijue. Wakijua wataninyang'anya darasa. Nikinyang'anywa darasa, sijui nitabaki na nini."

Selpha angeweza kusema, twende hospitali kesho. Maneno hayo yalifika kooni. Lakini mume wake hakuwahi kumwomba kitu akiwa ameinamisha kichwa namna ile, na mke aliyelelewa vizuri kwao hatoi udhaifu wa mumewe nje ya mlango wa chumba. Akamwahidi.

Kuanzia hapo akawa mlinzi. Usiku alimpangia mkoba, asubuhi akamwambia siku na saa huku akijifanya anajisemea mwenyewe. "Leo Jumanne, eh, na mwaka wa tatu wanakungoja saa nne." Watu walipopiga simu alijibu yeye: ameoga, ametoka, amelala kidogo. Sheryl, ambaye sasa alifanya kazi Eldoret, alimwuliza, "Mbona siku hizi Baba haongei na mimi?" Selpha akasema, "Anasahihisha mitihani." Kulikuwa na mitihani mingi mwaka ule.

Siku moja sokoni alikutana na Mureithi, mkuu wa idara ya mumewe, akichagua parachichi.

"Mama Sheryl! Umepotea."

"Niko, Daktari. Kazi tu. Mzee anaendeleaje huko kwenu?"

"Aa, mzee yuko sawa kabisa." Mureithi alibonyeza parachichi, akalirudisha, akachukua lile lile tena. "Yuko fiti. Vijana wanamfurahia. Na nyumbani?"

"Nyumbani ni salama. Anakula, analala."

"Mungu ni mwema."

"Sana."

Waliagana wakicheka, na kila mmoja akatembea haraka kidogo kuliko ilivyohitajika. Selpha alirudi nyumbani moyo mwepesi. Kama chuoni yuko sawa kabisa, alijiambia, basi tatizo halijafika mbali. Basi ni la nyumbani tu. Labda darasani linampisha. Akajishika kwenye hilo mwaka mzima.

Kisha mama yake Selpha, Bibi Dinah, akaletwa kutoka Kimilili kupasuliwa mtoto wa jicho. Hakufikia kwa bintiye. Asingeweza. Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakaribiani: hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali wakitazamana, wala mama hatalala chini ya paa la mkwewe. Kuna wasomi wengi wanaolilegeza jambo hili wakifika mjini. Wakhungu hakulilegeza hata nukta moja. Kijijini, akimwona mama mkwe anakuja njia moja naye, aliingia kwenye mahindi ya watu. Alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo sarufi pekee aliyoijua isiyokuwa na vighairi. Kwa hiyo Bibi Dinah alifikia kwa mwanawe, Morgan, kaka mdogo wa Selpha, aliyepanga nyumba upande wa pili wa Kitengela.

Jumapili kabla ya mama kurudi Kimilili, Morgan alichinja kuku, wakakusanyika. Mambo yalikaa yanavyokaa. Mama na wanawake ndani sebuleni, Wakhungu na Morgan nje kando ya tangi la maji, pazia la mlango limeshushwa. Sahani ya Wakhungu ilipelekwa huko nje.

"Ona shemeji," Morgan alipaza sauti ili wa ndani wasikie. "Degree tatu, na bado anaogopa mwanamke mwenye jicho moja!"

"Morgan, nitakuja hapo na mwiko," Selpha alijibu kutoka ndani, wanawake wakacheka, hata mama mwenyewe akacheka chini ya bandeji yake.

Ndipo pazia lilipofunguliwa. Wakhungu alisimama mlangoni na glasi tupu mkononi, kama aliyekuja kutaka maji. Aliangaza chumbani. Macho yake yalipita juu ya mkewe yasitue, yakamfikia yule mzee kwenye kochi, na uso wake wote ukafunguka. Alivuka sebule. Aliketi kwenye kochi, ubavuni kwa mama mkwe wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mayi," akasema, neno la mtoto wa Kibukusu kwa mama aliyemzaa. "Mbona hukuniambia unakuja? Ningekuja kukupokea."

Mama yake Wakhungu alikuwa amezikwa zaidi ya miaka kumi nyuma.

Mke wa Morgan alikuwa na sufuria mikononi, akabaki nayo hewani. Morgan, aliyekuja nyuma kumrudisha shemeji yake, alifungua mdomo. Utani ulikuwa tayari umefika pale, akaufunga tena. Selpha alimtazama mama yake. Alijua kilichotakiwa: mama ajifunike uso kwa leso, ainuke, atoke. Nyumbani wazee wangeitana, wangetaka kondoo wa kuliosha jambo hilo. Mkono wa Bibi Dinah ulienda kwenye leso kweli, ukaishika pindo. Kisha ukaiachilia.

"Nimekuja, mwanangu," akasema. "Safari ilikuwa ya ghafla."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Bado. Walinipeleka nje." Alishusha sauti, kama anayeshtaki. "Sijui nimewakosea nini hawa watu."

"Hujakosea," alisema Bibi Dinah. "Mleteeni chakula chake hapa."

Akaletewa. Akala pale kwenye kochi, karibu na mama mkwe aliyemkimbia maisha yake yote ya ndoa, na mama akamwondolea mifupa ya kuku sahani ikijaa. Aliposinzia, bibi alimgeukia bintiye kwa lile jicho moja.

"Selpha. Umejua tangu lini?"

Selpha alienda jikoni, akaegemea friji, akalia akiwa amesimama.

Kesho yake hakwenda Kajiado. Alienda chuoni, akapanda ngazi hadi ofisi ya Mureithi, naye akamwita Naeku. Walikaa watatu. Mureithi alifunga mlango, akaanza kwa kusema hali ya mzee imekuwa na changamoto kidogo hivi karibuni.

"Daktari, usinizungushe. Jana amekaa kochi moja na mama yangu."

Mureithi, Mkikuyu, hakuelewa uzito wa hilo. Naeku alielewa. Kwao Wamasai kulikuwa na watu wao wa kukwepwa. Akajifunika mdomo.

"Yeyo, nisamehe," akasema, na yakatoka yote. Kwamba Wakhungu alifundisha somo moja wiki mbili mfululizo, wanafunzi wakacheka, na baadaye wakaacha kucheka. Kwamba walimu wa idara walikubaliana, bila kikao, bila mtu kusema neno lenyewe, kwamba mzee atabebwa. Mmoja alitunga mitihani yake. Mwingine aliisahihisha. Naeku alikaa nyuma ya darasa lake, ati anajifunza mbinu zake.

"Ile siku ya faculty," Naeku alisema. "Wanafunzi wapya. Aliandika neno ubaoni, akaweka chaki, akageuka. Halafu akaligeukia tena neno. Akalitazama, akalitazama. Akalifuta na kiganja, akaliandika upya. Halafu tena. Darasa limenyamaza. Nikasimama huko nyuma, nikasema, 'Mwalimu anataka leo tuanze sisi.' Nikauliza nani anajua maana yake. Wakaanza kugombana kama kawaida. Yeye akakaa kwenye kiti, akawa anatabasamu. Wanafunzi walidhani ni njia mpya ya kufundisha. Waliisifu, Yeyo."

"Mbona hukuniambia? Unakuja kwangu na maziwa kila wiki. Unakunywa chai yangu."

"Alinishika mkono kwenye ngazi. Akasema, 'Usimwambie Mama Sheryl. Akijua ataniweka nyumbani.'"

Selpha alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi aliniambia nisiwaambie ninyi. Mkijua mtamnyang'anya darasa."

Nje korido ilijaa wanafunzi wakibadilisha vyumba, viti vikiburutwa. Walingoja kelele zipite.

"Tulidhani unajua," alisema Mureithi.

"Nami nilidhani hamjui. Pale sokoni ulisema yuko fiti."

"Na wewe ulisema ni salama." Alivua miwani, akaiweka mezani. "Mama Sheryl, tulifanya kwa mapenzi."

"Najua, Daktari. Hata mimi."

Hospitalini walimpiga picha za kichwa. Daktari alikuwa kijana, mpole, akazungumza bila kuharakisha. Mishipa midogo ya ubongo, alisema, imekuwa ikiziba mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, kwa sababu ya presha iliyokaa juu bila dawa. Kila mmoja ukiziba unaondoka na kipande. Wakhungu aliwahi kupewa vidonge vya presha kliniki miaka ya nyuma, na hakuna aliyejua aliacha kuvimeza lini. Labda alivisahau. Labda ndivyo vilivyosahauliwa kwanza.

"Kilichoondoka kitarudi?" Selpha aliuliza.

"Hapana, Mama. Tutajaribu kulinda kilichobaki."

"Na tungemleta mapema? Tuseme mwaka juzi?"

Daktari aliangalia picha ukutani, kisha akaamua kutomdanganya. "Kingebaki zaidi."

Wakhungu alikuwa ameketi kati yao, mkoba mapajani, akiwafuata kwa macho mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesikiliza mazungumzo mazuri.

Chuo kilimstaafisha kwa heshima. Idara ilinunua keki, wakakusanyika chumba cha walimu, kitivo chote, hata wa hesabu na wa biashara. Mureithi alisema maneno yake. Naeku alijaribu kusema ya kwake, yakamshinda, akakaa. Kisha Wakhungu akainuka bila kuombwa, akafunga kifungo cha koti, na kwa muda Selpha alimwona mume wake. Aliwashukuru wote. Alisema mwalimu ni mtu anayelipwa kwa kuzungumza, na kwamba yeye angezungumza hata bila kulipwa, ila wasimwambie mhasibu. Walicheka. Sentensi zilitoka zimenyooka, kila moja na mahali pake pa kupumulia. Alipomaliza walipiga makofi kwa nguvu, wengine wakipangusa macho, na Selpha aliona nyusoni mwao kitu alichokitambua, tumaini lile lile la sokoni.

Keki ilikatwa. Wakhungu akala kipande, akapangusa vidole, akainuka tena. Akafunga kifungo cha koti. Aliwashukuru wote. Alisema mwalimu ni mtu anayelipwa kwa kuzungumza.

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Walifika pale pa mhasibu, wakacheka, pale pale, kiasi kile kile. Walipiga makofi. Walikuwa wamezoea. Wangeweza kuendelea hivyo hadi giza liingie, wampe makofi kila alipomaliza, na kila mmoja aende nyumbani akijua ametenda wema.

Akaketi. Baada ya muda mkono wake ukaanza kutafuta kifungo kile.

Selpha aliushika. "Umeshasema, Baba Sheryl."

Alimtazama. "Nimeshasema?"

"Umesema mara mbili."

Chumba kizima kilisikia. Naeku aliinamisha kichwa. Mureithi alifanya kama anataka kusema jambo, Selpha akamtikisia kichwa, taratibu, asiseme.

"Nilisema vizuri?" Wakhungu aliuliza.

"Ulisema vizuri sana. Sasa yameisha. Twende."

Alifikiria hilo. Lilionekana kumwumiza mahali fulani, na ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza ambalo mtu yeyote alikuwa amemwambia baada ya muda mrefu. Kisha akainuka, akauacha mkoba chini ya kiti, naye Selpha hakumkumbusha. Walishuka ngazi wakishikana, wakapita vigae vilivyopangwa barazani, wakatoka juani.

Alimtunza nyumbani kadiri alivyoweza. Wasichana wa kazi waliajiriwa wakaondoka. Mara mbili waendesha boda walimrudisha, mara moja kutoka ng'ambo ya barabara ya Namanga, akiwa pekupeku. Alipoamua kumpeleka kwa watawa, ndugu za mumewe walipiga simu kutoka Kimilili wakifoka, ati mtu wao analelewa na watawa kama asiye na ukoo. Bibi Dinah ndiye aliyewapigia simu huko, akawaambia waje wamchukue basi. Hawakuja.

Wakhungu anaishi mjini Kajiado, katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na masista, upande wa barabara ya kuelekea Bisil. Selpha humpitia jioni akitoka kazini, kisha hurudi Kitengela peke yake.